Bu Lasmi wa Vyumba Saba

Kwaru, kwaru, kwaru. Jiwe juu ya jiwe, pilipili katikati, na kuku bado wamelala. Wasikilizaji wapendwa, kila aliyewahi kupanga kwa Bu Lasmi, Mama Lasmi wetu, hapa Malang, Indonesia, aliamshwa na mlio huo. Jumanne jiko lake lilikuwa kimya. Bu Lasmi ametutoka, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Alikuwa mjane, akipangisha wanafunzi wa chuo kikuu. Vyumba saba, lakini mezani sahani nane. "Ya nane ni ya atakayeleta rafiki mwenye njaa," anasema binti yake, Endah.

Yeye mwenyewe aliishia darasa la sita. Lakini kila mpangaji aliyemaliza shahada ya kwanza, Bu Lasmi alimhoji: utaendelea na uzamili? Kwa nini? Mmoja alikiri kwamba anaogopa kutafuta kazi. Mwingine alibabaika, Bu Lasmi akamcheka: "Wewe, unaitaka shahada au unamtaka yule binti wa maktaba?"

Ratri, mmoja wa wapangaji wake, alikuwa na jibu. Alitaka kujua kwa nini mikarafuu ya kwao inakauka. Nafasi ya uzamili alishapata. Zilibaki siku nne tu aithibitishe. Baba yake, Pak Warsito, akakataa. Mashangazi walikuwa wamemtia hofu: msichana akisoma sana, wachumba humkimbia.

Ratri akafunga mizigo arudi nyumbani, huku akilia. Bu Lasmi naye akafunga chipsi za tempe, ile soya iliyochachushwa, akamchukua Endah, wakapanda basi pamoja naye.

Kule kijijini alikula. Akasifu pilipili. Akawaulizia mbuzi. Chuo hakukitaja. Hadi alasiri, Pak Warsito akashindwa kuvumilia.

"Bu, haya, sema jambo lililokuleta."

"Nimekuja kumwona mwalimu wa Ratri. Kila nikimuuliza nani alimfundisha kudadisi hivi, ananiambia: Bapak, baba yangu, shambani."

Mzee akainuka. Akatoka, akarudi na tawi la mkarafuu lililokauka.

"Haya, nendeni nalo. Asirudi bila jibu. Na mchumba wa kukimbia, akimbie mapema!"

Mwaka jana Ratri alipata uzamili wake. Sasa anazunguka mashamba akiwasaidia wakulima.

Endah na ndugu zako, poleni sana. Mungu amrehemu mama yenu. Nasi wengine tujiulize leo: ni kijana gani anahitaji mtu wa kumpandia basi?

Juzi msibani, wakati wa kuagana, Pak Warsito alimshika Endah mkono.

"Mwanangu, siku ile mlikuja kwa shida yetu. Njooni tena. Safari hii mje bila shida."