Mtani Ndani ya Koti la Marehemu

KASIANI: Haloo? Dukani kwa Damji hapa, Temeke. Mwenyewe kaenda kula. Nani mwenzangu?

GOZBERT: Tumsifu Yesu Kristo.

KASIANI: Milele amina. Nani?

GOZBERT: Ni mie, Gozbert. Nakuomba usilitaje jina kwa sauti. Uko peke yako, kaka Kasiani?

KASIANI: Niko na cherehani yangu barazani, na mama mmoja anamsubiri Damji. Mbona unanong'ona kama uko kwenye maungamo?

GOZBERT: Niko nyumbani kwa Bibi, yule mzungu ninayemfasiria, huku Uzunguni. Simu iko ukumbini, yeye na mgeni wake wako mezani. Kornelio yuko wapi?

KASIANI: Ndugu yangu? Si leo wanaondoa matanga ya Mzee Adelard. Kaenda toka asubuhi. Msiba wa Mhehe, Mngoni atakosaje? Haloo? Waya huu unakwaruza—

GOZBERT: Mtoe pale.

KASIANI: Nani?

GOZBERT: Kornelio. Mtoe pale msibani, sasa hivi. Polisi wanakuja. Yuko bwana mkubwa wa polisi hapa mezani kwa Bibi, wakimaliza kula wanapanda gari.

KASIANI: Kornelio kafanya nini? Yule hata kuku akimchinja hufumba macho.

GOZBERT: Wanasema kamuua Mzee Adelard.

KASIANI: [anacheka] Ee. Na mie nimemuua Kaizari.

GOZBERT: Kaka, sitanii.

KASIANI: Mzee Adelard kafa kwa kifua. Mtaa mzima tumekuwa tunalala kwa kikohozi chake toka mwaka juzi. Nani kasema kauawa?

GOZBERT: Kornelio mwenyewe. Siku ya kuzika. Si alishuka kaburini akalala chali, akasema—

KASIANI: Akasema kamtilia sumu kwenye pombe, na kwamba hatoki humo mpaka apewe mjane. Nilikuwepo. Ndiyo kazi ya mtani hiyo. Wahehe na sie tulichinjana zamani, tukaja kupatana, sasa tunazikana kwa matusi. Felicitas mwenyewe, mjane, machozi yanamtoka, kamchapa na kanga, kampa jogoo, Kornelio akatoka, jeneza likashuka. Watu walicheka mpaka padri akageukia pembeni. Wewe na Bibi wako si mlikuwa mmesimama pale pale?

GOZBERT: Tulikuwepo.

KASIANI: Sasa?

GOZBERT: Bibi aliniuliza, yule anasema nini. Nikamfasiria.

KASIANI: Ukamfasiria nini?

GOZBERT: Alichosema.

KASIANI: Alichosema tu?

GOZBERT: Alichosema tu.

KASIANI: Gozbert.

GOZBERT: Kwetu Bukoba mtu hawezi kusema vile mbele ya maiti, kaka. Nilisikia maneno, nikayabeba kama yalivyo. Leo Bibi kamsimulia huyu bwana wa polisi, kama kisa cha kustaajabisha tu, hakukusudia ubaya. Huyu bwana akaweka kijiko chini.

KASIANI: Hakukusudia. Wao hawakusudii, sie tunanyongwa.

GOZBERT: Punguza sauti—

KASIANI: Sipunguzi, hapa ni kwetu. Huyo Bibi alikaa kwenye baraza hii hii, kwenye kiti nilichomfutia mie, akaniuliza kama watu wa mtaa wetu wana raha. Ndivyo ulivyonifasiria, raha. Nikamwambia tuna bomba moja la maji kwa mitaa minne, aende akaipime raha pale kwenye foleni. Alicheka. Au na hilo hukumwambia?

GOZBERT: Nilimwambia... sehemu.

KASIANI: Chuo kikuu chao huko Ulaya kinataka kujua tunaoaje, tunazikaje, tunachezaje ngoma. Tukawapa. Msibani tukawapa nafasi ya mbele. Kumbe tunajipeleka wenyewe mahakamani.

GOZBERT: Kaka, sikiliza. Amevaaje?

KASIANI: Nani?

GOZBERT: Kornelio. Leo. Amevaaje?

KASIANI: Kavaa koti la marehemu.

GOZBERT: Mungu wangu.

KASIANI: Na kofia yake. Na anakohoa kama yeye, anatembea kwa mkongojo wake, anamwita Felicitas mke wangu, anawagombeza wanawe. Siku ya kuondoa matanga mtani ndiye marehemu. Mpaka jioni ukoo umvue lile koti, ndipo mtu amekufa kweli na watu wanakwenda zao.

GOZBERT: Watamkuta hivyo. Watamuuliza, wewe ndiye uliyemuua Adelard?

KASIANI: Na wazee wa Kihehe wamekaa pale wanamtazama.

GOZBERT: Atajibu nini?

KASIANI: Unajua atakachojibu.

GOZBERT: Atasema—

KASIANI: Atasema nimemuua, na mkinichelewesha nawaua na nyie. Watu watacheka, yeye atazidisha. Kornelio hajawahi kuishia njiani kwenye utani wake.

GOZBERT: Basi kimbia umwambie aache.

KASIANI: Nitakimbia. Nikifika nimwambie nini? Vua koti, askari wanakuja? Atanirukia shingoni, ataona ni mbinu yangu ya kumharibia. Mwaka jana nilimdanganya kuna moto kwenye msiba wa Myao, hajasahau. Nguvu ya kuwasimamisha hao polisi iko huko uliko wewe.

GOZBERT: Mie ni mkalimani tu.

KASIANI: Ngoja nikwambie kitu. Babu yetu, aliyemzaa baba, Wajerumani walimnyonga Songea baada ya ile vita. Hakushika bunduki. Alisimamishwa mbele ya mzungu, akaulizwa, akajibu kwa Kingoni, na kijana wa boma, kijana msafi, amesoma, akageuza jibu lile kwa Kijerumani. Hatujui mpaka leo alisema nini. Bibi yetu alikuwa akituambia jina la yule kijana kila usiku kabla hatujalala. La mzungu hakulijua. Uko?

GOZBERT: Nipo. Nani atakayewafasiria leo, unadhani? Wameshaniambia nipande gari la nyuma.

KASIANI: Basi vizuri. Mwambie huyo bwana—

GOZBERT: Siwezi kubadili maneno pale. Kiswahili cha "nimeua" anakijua. Hicho ndicho anachokijua.

KASIANI: Sikwambii ubadili maneno pale. Mwambie hapo mlipo, kabla gari halijawashwa, kwamba siku ya kuzika ulikosea. Kwamba ulikuwa hujui utani wa watu hawa.

GOZBERT: Nilijua.

KASIANI: Unasemaje?

GOZBERT: Siku ile hapana. Baadaye. Kesho yake wewe mwenyewe ulinieleza, tukacheka pamoja hapo barazani kwako. Nikarudi nimwambie Bibi, nikamkuta amefurahi, anasema hajawahi kupata mkalimani kama mie, ataniombea nafasi Makerere. Nikaona... nitamwambia wiki ijayo.

KASIANI: Wiki ijayo.

GOZBERT: Nikisema leo, ataniuliza mangapi mengine nimemwambia hivyo.

KASIANI: Mangapi? Gozbert, mangapi?

GOZBERT: Wanasogeza viti. Wanasimama.

KASIANI: Wakimtia ndani hatatoka wiki hii wala mwezi huu. Mpaka wafukue kaburi, mpaka wakate maiti ya watu, mpaka daktari wao aandike, Kornelio kaoza rumande. Na wakitaka kuona sumu wataiona. Mzee yule alikuwa anakunywa dawa tano tofauti za miti.

GOZBERT: Ninaogopa, kaka.

KASIANI: Na mie naogopa. Mwambie.

GOZBERT: Bibi anakuja huku— [kwa sauti nyingine] Yes, Madam.

KASIANI: Gozbert, usikate. Iweke chini tu.

GOZBERT: [mbali na simu, Kiingereza, polepole]

KASIANI: Huyo wewe? Sema kwa nguvu. Nimesikia jina la Kornelio. Kwa nini umemtaja mara mbili?

GOZBERT: [Kiingereza, anasita, anaendelea]

KASIANI: Nani huyo sasa, yule wa polisi? Anacheka au anakohoa? Gozbert, neno moja tu, kwa lugha ya watu. Umemwambia?

GOZBERT: [mbali zaidi, Kiingereza, mlango unafungwa]

KASIANI: Haloo? ... Haloo? ... [ngurumo ya gari, kisha waya unakwaruza] Mama, ukimwona Damji mwambie simu yake iko wazi, cherehani yangu aiangalie. Sikuelewa hata neno moja pale. Nakwenda kumvua ndugu yangu lile koti.