Kigugumizi cha Fundi Makochi

Ndugu waombolezaji, baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Makochi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa pili wa dereva wa lori na mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, na huko kigugumizi kikamtesa, maana kila aliposimama kusoma darasa zima liliangua kicheko, hata akaacha kunyoosha mkono, ingawa majibu alikuwa nayo.

Aliyemsemea alikuwa kaka yake, baba yetu mkubwa, mwenye ulimi wa asali, ambaye mwaka 1967 alimwombea nafasi ya kujifunza kazi kwenye karakana ya makochi, basi baba akamwamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Mwaka 1974 baba alimpenda binti wa mwenye duka la vitambaa, wakaelewana kwa macho na maneno machache, na kwa kuwa aliogopa kukwama mbele ya wazee, akamtuma kaka yake akamposee, kumbe fisi kakabidhiwa bucha. Aliporudi alisema tu, "Wamekataa mtu asiyeweza kujieleza," na haukupita muda baba akaalikwa harusini, bwana harusi akiwa ni kaka yake. Baba aliagiza jambo hili lisomwe leo kama lilivyo, kwa sababu, alisema, aibu haikuwa yake. Harusini alikwenda, akakaa nyuma, kisha akakaa mwaka mzima bila kukanyaga kanisani, akimuuliza Mungu kwa nini alimpa ulimi mzito, halafu akampa msemaji mwizi.

Jibu lilikuja taratibu, wateja walipoanza kubakia karakanani, wakikaa juu ya makochi ambayo hayajavishwa vitambaa, wakimweleza ya nyumbani mwao, kwani fundi huyu hakumkatiza mtu, na umbeya usingemwezekana hata angeutaka. Mzee wa kanisa aliyefiwa na mwanawe alimwambia, "Fundi, wote wamenihubiria, wewe peke yako umenisikiliza." Hapo baba akatambua kwamba pale alipopungukiwa ndipo Mungu alipojipatia pa kukaa, akarudi kanisani.

Mama yetu, muuguzi, alileta kiti kilichochanika, baba akakwama katikati ya salamu, naye akamwambia, "Maliza tu, sina haraka." Walifunga ndoa tarehe 12 Mei 1979, safari hii baba akiwa amejiposea mwenyewe, kwa sentensi moja iliyochukua mchana kutwa, kama alivyopenda kutania, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aligeuza kichwa, akimtazamia kaka yake, ambaye kila tukimpigia simu alisema yuko njiani, wala hakufika. Baba alifariki Jumanne iliyopita, na siku chache kabla alituambia, kwa shida sana, "Nimemsamehe, lakini bado inauma, akija kunizika mpeni kiti cha mbele."

Baba mkubwa, kiti hicho ulichokalia, ni yeye aliyeagiza upewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake walioshona kwa mikono yao kitambaa cha ndani ya jeneza.

Baba, Bwana akupokee, upumzike kwa amani.