Mma Seabelo na Mtihani wa Kicheko

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, Mama Onkemetse Seabelo, Mma wetu sote, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dawati la michezo la gazeti letu hapa Gaborone. Baadhi yetu tulikuwa hatujazaliwa alipoanza kusahihisha makosa ya watu.

Aliingia akiwa mpiga chapa, akapanda hadi kuwa mhariri wa kurasa za michezo. Kila Jumatatu alituletea magwinya, maandazi ya kwetu, ya moto ya kunywea chai, na kwa magwinya hayo tulimsamehe mengi. Mtihani wake hatukuusamehe. Habari yoyote ya mwanariadha wa kike aliisoma kwa sauti mbele ya chumba kizima, jina la mwanariadha akiliondoa na kuweka la mwandishi mwenyewe. Watu wakicheka, habari inarudi kuandikwa upya.

Ndivyo tulivyosikia kwamba Bwana Motswagole, au Rra kama tunavyomwita, mwenzetu mwenye kitambi na heshima zake, licha ya kuwa baba wa watoto wawili, aliwapendeza mashabiki kwa kaptura nyekundu na tabasamu tamu. Rra alijitetea kwamba hayo ndiyo wanayoyataka wasomaji.

"Basi simama, Rra, tukupige picha na hiyo kaptura," Mma akamwambia.

Aliandika upya.

Mtihani huo ulizaliwa na aibu. Gofaone Tlhalerwa aliposhinda mita mia nane kwa mara ya kwanza, Mma akiwa likizo, ukurasa wetu ulimuuliza ataolewa lini. Muda aliokimbia haukutajwa popote. Binti yule akagoma kuzungumza nasi misimu mitatu, na alikuwa na haki. Mma alimfuata mazoezini Francistown, akamwomba radhi kwa niaba yetu. Gofaone alikubali, ila akauliza: "Na ukistaafu, Mma?"

Swali hilo lilimganda. Miezi hii ya mwisho ametuhangaisha kweli; anaaga, anafika mlangoni, anarudi kukagua vichwa vya habari. Hakutuamini, na sababu tulimpa wenyewe.

Jumamosi iliyopita Gofaone alikimbia fainali. Mma alikuwa Kanye kwenye harusi ya mpwa wake, simu kaizima kwa amri ya dada yake. Rra Motswagole akaandika, tukasomeana kwa sauti, ukurasa ukaenda mtamboni bila jicho la Mma. Tulilala roho juu.

Asubuhi alilinunua gazeti kituo cha mafuta, akalisoma amesimama, bado yumo ndani ya gauni alilovaa harusini. Alikuta muda wa Gofaone, kona aliyowapitia wenzake, na upepo uliompiga usoni. Mume hayumo. Kaptura haimo. Akapiga simu ofisini.

"Nimeisoma kwa jina lako, Rra," alimwambia Motswagole. "Sijacheka."

Kisha akalia, nasi tukashusha pumzi.

Asante, Mma, kwa kutuchekesha hadi tukajifunza. Siku zako ziwe ndefu na chai yako isipoe. Gofaone anakimbia tena mwezi ujao. Wewe lala usingizi wako.