Sahani Kumi na Sweta la Bosi

Ndugu zangu, nimesimama mwenyewe kutoa ushuhuda, sijasubiri kuitwa, maana nikisubiri nitapata muda wa kuogopa. Jina la mtu silitaji. Wanaohusika watajijua.

Mnanifahamu. Nafanya kazi za ndani huku kwa Waarabu, Al Khoudh, mwaka wa tatu huu. Binti yangu ana miaka minane, yuko Muheza kwa mama yangu. Nilimwacha ana mitano.

Sasa sikilizeni nilivyoanguka, kwa sababu wengi humu mnaelekea shimo lilelile. Mwezi wangu wa pili hapa nilipiga picha nimeegemea gari la bosi, nikaituma nyumbani. Nikapiga nyingine nimekaa kwenye sofa za sebuleni, wenyewe wametoka. Tena nimevaa miwani ya jua, ndani ya nyumba! Wangapi mna picha hizo? Msitazamane.

Mwanangu akauliza, "Mama, nyumba yote hiyo, chumba changu kipi?"

Nikamjibu, "Subiri, mwanangu."

Akasubiri. Akachoka. Mwaka jana akaacha kuja kwenye simu. Napiga saa kumi jioni, namsikia kwa nyuma akimwambia bibi yake, "Mwambie yule mama nimelala."

Yule mama! Mimi, niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili!

Nilikasirika, ndugu zangu, na hasira yenyewe bado ninayo, msidhani imeisha. Nilimkasirikia mtoto, nikamkasirikia mama yangu. Halafu nikafanya nini? Nikatuma picha nyingine, nimesimama kando ya bwawa la kuogelea. Mtoto anataka mama, mimi namwonyesha bwawa.

Baridi ikaingia. Waliozoea baridi ya Njombe watacheka, lakini mtu aliyeunguzwa na maji ya bomba yaliyochemshwa na jua tangu mwezi wa tano, yakija kupoa anatetemeka. Siku moja baada ya chakula cha mchana nilikuwa naosha vyombo huku nalia. Akaingia binti wa nyumba, anasoma chuo, kwao asili ni Unguja.

"Dada, kulikoni?"

Nikamwambia yote. Gari, sofa, bwawa. "Na ile miwani ilikuwa yako," nikasema.

Akacheka mpaka akashika meza. "Ndo maana nliikuta na mafuta ya nazi!" Kisha akafungua daftari lake. "Mie nna kazi yangu, kila siku naandika haiku moja, mpaka baridi imalizike."

"Haiku ndiyo nini?"

"Kishairi cha Kijapani. Mistari mitatu: silabi tano, saba, tano. Waandika ulichokiona leo. Usipambe."

"Mimi leo nimeona sahani."

"Basi andika sahani."

Nikahesabu kwa vidole vyenye sabuni:

*Maji ya bomba,*
*vidole vyafa ganzi,*
*sahani kumi.*

Nikaituma kwenye simu ya mama. Macho ya mama herufi ndogo hayazioni, kwa hiyo ujumbe wake anasomewa. Na nani? Na huyohuyo aliyelala!

Nikatuma kila siku. Nilichoona ndicho nilichoandika. Kuna mwenzetu yumo humu, aliniambia, "Wee, unamwandikia mwanao habari za masufuria? Unajidhalilisha." Nilimjibu vibaya na sitamwomba radhi. Nilikuwa nimeshamdanganya mtoto vya kutosha.

Wiki ya tatu nikaandika ile niliyokuwa naiogopa. Nilikaa na simu mkononi, ikabidi nijisukume:

*Kitanda changu,*
*mashine ya kufua,*
*chumba kimoja.*

Kesho yake mama akapiga. "Mwanao anauliza, ni kweli unalala na mashine?"

"Mwambie ni kweli."

Nikasikia kwa nyuma, "Muulize inapiga kelele?"

Ndugu zangu, niliketi sakafuni. Nikajibu kwa sauti ili amsikie mama yake mwenyewe, "Inapiga! Inatetemeka kama bibi yako akiona nyoka!" Akacheka. Mwaka mzima sikuwa nimesikia kile kicheko.

Nikaendelea. Siku ya upepo niliandika hii:

*Sweta la bosi,*
*mikono imezidi,*
*nalikunja tu.*

Jioni simu ikalia ujumbe. Kauandika yeye, bila kuambiwa na mtu:

*Hapa ni joto.*
*Mama, vaa sweta lako.*
*Usiugue.*

Mama. Si yule mama.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu, aliyekuwa anajifanya hakumbuki alichosomewa ili asomewe tena. Namshukuru binti wa nyumba, na miwani nilishamsafishia. Na ninyi mliokuwa mnanihesabia silabi hapa kila Ijumaa mkila mandazi, ahsanteni.

Nilichojifunza ni hiki. Watoto wetu hawatuulizi tuna nini. Wanatuuliza tuko wapi. Kabla hujatoka hapa leo, mtumie wako kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako, hata kama ni ndoo. Gari la watu liache kwenye maegesho yake.

Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa taabu, na baridi iliyopita niliandika haiku sitini na nne. Zote nimezihesabu kwa vidole na zote zimetimia. Ya mwanangu mstari wa kati una silabi nane, umezidi moja. Nimeinakili kwenye karatasi nikaibandika juu ya mashine ya kufua, vilevile ilivyo. Mtu asithubutu kuisahihisha.