Majibu Aliyoyachukua Sindano

Benchi lililo mbele ya kibanda cha Sindano, fundi cherehani, lilikuwa na wenyewe: Breki, dereva aliyestaafu lakini mdomo wake ukagoma kustaafu, na Dalali, mtu wa kukuuzia hata nyumba yako mwenyewe. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa ya moto, na umbea ulikuwa wa moto zaidi. Mke wa Sindano alikuwa amerudi kwao wiki iliyopita, mtaa mzima unajua. Sindano aliinamia suruali ya mteja, akishona mshono asiouona.

— Homoni, alisema Breki. Mama yako ndivyo alivyosema, sivyo?

— Ndivyo.

— Basi pole, kaka. Homoni ni ubaridi. Mwanamke akilala na feni, kizazi kinapoa. Gari likipoa injini, haliwaki ng'o!

— Ubaridi wapi! Dalali alidakia. Homoni zinatoka kwa kuku wa kisasa. Leo kifaranga, kesho kutwa ana mapaja kama yangu. Mwanamke akimla, mwili unadhani umeshazaa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Kuku mmoja mmoja, Breki! Mwisho tumbo linafunga.

Wakacheka. Sindano naye akacheka.

— Tena shemeji nilimwona kavaa sweta jua la utosi, nywele zinakatika, Breki aliendelea. Hayo ni mawazo. Mwanamke akiwaza sana, damu yote inapanda kichwani.

— Simu hiyo! Anailaza kifuani, inalia, yai linashtuka, linapasuka. Dawa ni kuoa asiye na simu. Si mama ameshakutafutia?

— Chanda chema huvikwa pete, alisema Breki. Hata mbili.

Sindano hakuinua kichwa. Majibu ya vipimo alikuwa ameyafuata yeye, kwa kuwa mkewe alikuwa kazini, akifua mashuka ya hoteli. Daktari alimweleza polepole mpaka akaelewa. Lakini nyumbani alimkuta mama yake mlangoni, na alipotamka tu neno homoni, mama akalinyakua. "Nilisema mimi! Umeoa mti mkavu!" Wakati huo mkewe alikuwa anaingia, kiroba cha kazini begani. Alisimama akamtazama mumewe, akingoja aseme neno. Sindano alikuwa na maneno yote mdomoni. Akatazama chini.

— Shikamooni.

Alikuwa mdogo wa mkewe, muuza mitumba, mikono mitupu.

— Marahaba, waliitikia wazee.

— Shemeji, sijaja kugombana. Dada kanituma nguo zake. Ila mimi nina swali langu. Hivi daktari alisema nini?

Breki akamtazama Dalali. Dalali akatazama kikombe. Asubuhi nzima hakuna aliyeuliza hilo.

— Tezi, alisema Sindano kwa sauti ndogo. Tezi ya shingoni imelegea. Haitoi homoni za kutosha. Ndiyo maana anachoka, anasikia baridi, na siku zake zinapotea miezi. Yai halipevuki inavyotakiwa.

— Mwenda tezi na omo… alianza Dalali.

— Hebu nyamaza! Breki alimkata.

— Na kizazi? aliuliza shemeji.

— Kizazi ni kizima. Daktari alitaka arudi aanzishiwe vidonge, awe anavimeza kila asubuhi. Wengi wakitibiwa, alisema, hushika mimba.

— Dada hali, halali. Anajua hana kizazi.

— Mama ndiye aliyekuwa anaongea.

— Na wewe?

Cherehani ilikuwa imesimama. Sindano aliinuka ghafla, akapapasa viatu chini ya meza.

— Ngoja, twende wote. Nikamweleze mwenyewe.

— Nitamweleza mimi. Na kwa daktari nitampeleka mimi. Nguo zake nitazichukua kwa mama yako. Wewe kaa hapa, shemeji, wenzako hawajamaliza kukushauri.

Akaondoka bila kuaga. Sindano alibaki na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Breki alisogea kidogo, akampisha nafasi kwenye benchi.