Bi Kuramochi na Dari Isiyotobolewa

Baada ya miaka thelathini na minane ya kutunza majengo ya biashara hapa mjini Sakai, Bi Kuramochi Fusae, mkuu wa kitengo chetu cha usalama, anastaafu tarehe 31 Machi.

Alianza kwa kupokea malalamiko ya lifti. Asbesto ilimjia baadaye, sheria zilipokazwa na wenye majengo wakaanza kugundua kile ambacho baba zao walipulizia juu ya dari ili kuzuia moto. Ikiachwa bila kuguswa, hukaa kimya. Ikitobolewa, nyuzi zake huingia mapafuni na zaweza kulala humo miongo mitatu kabla ya kuua. Bi Kuramochi alifanya kazi akiiona miongo hiyo waziwazi, kama sisi tunavyoiona kesho.

Ana udhaifu mmoja: chavua ya mierezi. Kila majira ya kuchipua alipopiga chafya kwenye eneo la kazi, mafundi walitoka mbio wakidhani amevuta vumbi la asbesto.

Desturi yetu inajulikana. Kabla ya ujenzi tunabisha hodi kwa majirani, tunatoa taulo kama zawadi na kuomba radhi kwa kelele. Kwa miaka mingi tuliishia kwenye kelele. Kutaja asbesto tuliona ni kukosa adabu, ni kuwatia watu hofu bure.

Desturi hiyo ilivunjika katika jengo la maduka ambapo Bwana Minowa ana duka lake la kinyozi. Mwenye jengo alitaka viyoyozi vipya, lakini hakuwa amepima dari kama sheria inavyomtaka. Bi Kuramochi alifika fundi akiwa tayari juu ya ngazi.

“Shuka, kaka.”

“Mama, mashimo mawili tu!” mwenye jengo alilalamika.

“Mapafu hayajui kuhesabu mashimo, bwana. Shuka.”

Kipimo kilionyesha asbesto. Tangazo likabandikwa mlangoni, kila mpita njia alisome, na Bwana Minowa akafoka: “Umenifungia duka, mama! Nani ataleta kichwa chake hapa?”

“Waambie ukweli. Nitasimama nawe.”

Akasimama kweli. Alimbana mwenye jengo hadi akampa Minowa chumba kitupu ng’ambo ya barabara wakati dari ikiondolewa. Asubuhi kabla ya kazi alikaa mlangoni pa Minowa, taulo mkononi, akimweleza kila mteja kilichopatikana na kinachofanywa. Neno asbesto alilitamka wazi, bila kupunguza sauti. Tangu hapo nasi hulitamka, na taulo zetu bado zinapokelewa.

Baadhi ya wateja hawakurudi, na Minowa alimnunia muda mrefu. Tunashangaa jinsi Bi Kuramochi alivyoweza kubeba lawama hizo zote kwa ajili ya ugonjwa ambao, akifaulu, hakuna atakayeuona. Watu aliowaokoa hawajijui, wala sisi hatuwezi kuwataja.

Lakini msimu wa vuli uliopita, duka la viatu jirani lilipoanza ukarabati, fundi alisikia sauti kutoka mlangoni: “We bwana, weka chini hiyo drili! Dari mmeipima?” Alikuwa Bwana Minowa, mkasi mkononi, mteja wake akiwa nyuma yake amenyolewa nusu kichwa. Dari haikuwa imepimwa. Kazi ilisimama.

Bi Kuramochi, asante. Tunakuombea miaka mingi, myepesi, ya kuvuta pumzi bila kuifikiria.