Adelard wa Mafuta ya Taa na Utelezi wa Mapafu

Ndugu waombolezaji, kabla sijaanza naomba wale wa mkeka wa nyuma waache kugunaguna, mie nimezeeka macho, masikio bado, na anayesoma hapa ni Chausiku binti Salumu, mwenye nyumba hii, niliyeishia darasa la nne lakini kusoma nikakujua, anayeona nadanganya asubiri nimalize ndipo asimame, siyo anong'one na sahani ya pilau mkononi.

Historia hii ya marehemu ilikuwa isomwe makaburini, mvua ikawafukuza waliokwenda kuzika, na kaka wa marehemu, Revelian, kwa kuwa marehemu aliniita mama, ameniomba niisome kwa niaba ya familia, akanipa karatasi inayosema mdogo wake alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, maneno hayo sitayasoma, kila mtu hapa Tabata anajua siku hizi yanafunika nini, na Mhaya akikohoa wiki moja akafa, nyie mnakuwa na jibu kabla jeneza halijapigwa misumari.

Marehemu Adelard Rwegasira alizaliwa tarehe 11 Juni 1955, Kamachumu, Bukoba, akasoma shule ya msingi huko huko, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974, Mungu akiwa amempa akili nyingi ya hesabu na kumnyima ya kusikia ushauri.

Mwaka 1977 alikuja Dar es Salaam, akaajiriwa karani wa stoo katika shirika moja la umma, mwaka 1980 akapanga chumba kwangu, na akalitumikia shirika hilo mpaka tarehe 30 Septemba 1992, walipopunguzwa watu, akapewa cheti cha utumishi mwema na kufungiwa geti. Hakulia, alinunua pipa akaanza kuuza mafuta ya taa hapo kibarazani, na kila siku nilimgombeza kwa kuyanyonya kwa mpira, mdomo kwenye mpira kama mtoto kwenye titi, naye akinijibu kwamba yeye na mafuta wameshazoeana.

Tarehe 14 Julai 1984 alifunga ndoa na Kokushubila, wakajaliwa watoto wawili, Edgar na Lulu, na mke huyo katika miaka yote niliyokaa naye ukuta kwa ukuta sijasikia jina lake likipita mlango wa mwanamume mwingine.

Jumatatu tarehe 27 Februari mwaka huu wa 1995, asubuhi, marehemu alinyonya mpira kama kawaida, mafuta yakaja kwa kasi, mengine akameza, mengine yakampalia, na dada yake Filomena, aliyekuwa hapa kwa matembezi, akamnywesha maziwa, mtungi mzima, mpaka akatapika, kama tulivyofundishwa sote tangu utoto kwamba maziwa huua sumu, kumbe mafuta yakirudi juu ndipo yanapoingia mapafuni.

Pale hospitali, Daktari Gaspar alitukalisha mie na Kokushubila akatueleza taratibu, kwamba mapafu yana vifuko vidogo vidogo vya hewa, na ndani vimepakwa utelezi mfano wa sabuni, ndio unaovifanya vifunguke kila mtu anapovuta pumzi, mafuta ya taa huuharibu utelezi huo, vifuko vikagandana kama mfuko wa nailoni uliolowa, ukiupuliza haufunguki. Akasema huko ng'ambo wametengeneza utelezi huo viwandani, wanawamiminia mapafuni watoto njiti, na wengi wanaokoka, ila kwa watu wazima walioumia mapafu bado wanaujaribu, na waliojaribiwa hawajaonekana kupona zaidi ya wengine, kwa hiyo tusiuze kitanda kuutafuta.

Kokushubila alisikia sehemu ya kwanza tu. Alimpigia simu mpwa wangu Badru, anayefuata bidhaa Dubai, kwa kuwa tangu biashara ilipofunguliwa hakuna kitu Kariakoo hakipatikani, mafriji, mapazia, maji ya matunda ndani ya boksi, akaona na pumzi ya mumewe itakuwa rafu ya pili. Badru alizunguka maduka ya dawa, akarudisha jibu kwamba kila anapouulizia utelezi huo wanamuuliza mtoto ana uzito gani. Kokushubila akacheka, kicheko nisichotaka kukisikia tena, maana mtoto mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na tisa, na alikuwa akivuta hewa ya mtungi kwa mabega.

Adelard alifariki Jumatatu tarehe 6 Machi, mkewe akiwa amemshika mguu.

Filomena, mwanangu, simlaumu mtu kwa maziwa, yalitolewa kwa upendo, ninakulaumu kwa maneno, kwamba ulipoona maziwa yanakurudia ukatafuta ugonjwa mwingine wa kuyafunika, ukaubandika kwa wifi yako, mpaka leo ametengewa sahani yake na kikombe chake, na jioni hii ukoo unakaa kikao cha kumrudisha Bukoba kama mzigo ulioharibika. Na hata angekuwa na huo Ukimwi, sahani haiambukizi, waulizeni walewale madaktari.

Familia inamshukuru Daktari Gaspar, hasa kwa kutosema uongo, wauguzi waliomgeuza marehemu usiku na mchana, majirani kwa mabenchi na kuni, wafanyakazi wenzake wa zamani, ambao wengi nao hawana kazi lakini wamechanga, na Badru kwa miguu yake.

Adelard mwanangu, pumzika kwa amani, neno hilo lina pumzi ndani yake, basi ichukue yote, hapa tulishindwa kukupa.

Kikao kaeni, mkate mnavyokata, lakini chumba hiki hakikujengwa na ukoo, nilikijenga mie kwa kuuza vitumbua, na Kokushubila na wanawe ndio wapangaji wangu mpaka watakapochoka wao. Nichukulieni sinia, siyo sahani, naingia kula naye, na mlango naufunga kwa ndani, atakayekuja kumpa pole kwa mkono abishe hodi.